Una sola dukani? Hivi ndivyo unavyotoa vyeti vya umeme wa jua na kuvifikisha mpaka kwa serikali

Kila tarehe moja asubuhi, kabla wavuvi hawajaja kuchukua barafu, napanda darini kwa duka langu hapa karibu na jeti ya Malindi, nafungua kile kiboksi cha mita, napangusa chumvi kwa kitambaa kikavu alafu napiga picha zile namba. Nikishuka naziandika kwa daftari: tarehe, saa, namba ya mita, tofauti na mwezi uliopita, na pembeni sahihi yangu na ya kijana anayenisaidia. Watu wananiuliza, mama hio picha ya nini kila mwezi na sola ni yako mwenyewe, hudaiwi bili. Naandika hapa niwajibu wote kwa mara moja, manake wenye sola wameongezeka sana huku kwetu, kuanzia vinyozi wa Barani mpaka magesti ya Shela kule Lamu, na wengi wanamwaga kitu chenye thamani bila kujua.

Umeme wa jua una vitu viwili ndani yake. Kimoja ni stima yenyewe, ile inayogandisha barafu yangu. Cha pili ni ile sifa kwamba stima hio imetoka kwa jua na sio kwa dizeli. Sifa hio inaweza kupimwa, kusajiliwa na kuuzwa peke yake kama cheti, stima ushaitumia zamani lakini cheti bado kiko mkononi. Hesabu yake ni nyepesi: yuniti 1,000, yaani megawati-saa 1, ndio cheti 1. Yuniti ni zile zile unazozijua kwa tokeni. Ofisi inayotumia stima ya kawaida ikinunua cheti chako na kukifunga kwa jina lake kwenye rejista, basi imenunua haki ya kusema yuniti 1,000 ilizotumia zimetoka kwa jua. Kikishafungwa hakiuziki tena kwa mtu mwingine yeyote, hapo ndipo uaminifu wa biashara hii ulipo.

Usichanganye na biashara ya kaboni. Kaboni inahesabiwa kwa tani za moshi uliozuiwa na Kenya ina kanuni zake za soko la kaboni za mwaka 2024, ni njia ndefu na ya wakubwa. Cheti cha umeme ni hesabu ya yuniti tu.

Sasa serikali inaingia wapi. Marekani, sheria yao ya nishati ya mwaka 2005 ilisema kuanzia 2013 angalau asilimia 7.5 ya umeme unaotumiwa na serikali kuu kila mwaka uwe wa nishati jadidifu, pale inapowezekana kwa bei na kwa ufundi. Idara isiyo na paneli za kutosha inatoka sokoni kununua vyeti. Na kule wana utaratibu mzuri sana wa kuwalinda wadogo: afisa wa manunuzi akiona kuna matumaini ya biashara ndogo mbili au zaidi kuleta bei ya haki, tenda inafungiwa wadogo peke yao, wakubwa hawaingii. Lengo la serikali yao ni asilimia 23 ya pesa za mikataba ziwafikie biashara ndogo. Kwa hivo kuna watu wana ofisi ya chumba kimoja na wanaiuzia serikali kuu vyeti, wengine hata paneli hawana, wananunua kwa wenye mitambo na kuuza. Australia nako mwenye duka akiweka sola isiyozidi kilowati 100 anapata vyeti vya miaka yote iliyobaki mpaka 2030 kwa mkupuo mmoja, kwa kawaida anamwandikia aliyemfungia mitambo na anapunguziwa bei siku ile ile. Wanunuzi kule ni kampuni za kuuza stima, serikali imezilazimisha kwa sheria.

Hapa Kenya hakuna sheria inayoilazimisha wizara au kaunti inunue vyeti. Lazima niseme hili mapema ili mtu asije akakudanganya kwamba kuna dirisha Nairobi unapeleka karatasi unalipwa. Ila milango ya kupitia ipo, na mimi nimeifuata hatua kwa hatua, ndio hio ntaeleza. Na kabla hujauliza, la, cheti cha Malindi hakiwezi kwenda kujaza ile asilimia ya Marekani. Kanuni za kuhesabu gesi joto zinazofuatwa na kampuni nyingi duniani zinataka cheti kitoke soko lile lile ambalo umeme umetumika. Mnunuzi wako ni yule anayewasha taa ndani ya Kenya: hoteli, benki, kampuni ya simu, shirika la kimataifa lenye ofisi hapa, hospitali ya kaunti, chuo.

Piga hesabu kwanza usije ukaota. Sola ya kilowati 10 pwani hapa, jua likiwa zuri, inakupa kama yuniti 40 kwa siku. Zidisha kwa siku 365 ni 14,600. Vyeti 14, na yuniti 600 zinabaki zinangoja mwaka mwingine. Vyeti hivi huuzwa kwa dola chache kila kimoja, kwa hivo vyeti 14 peke yako havitalipa hata ada za usajili. Ndio manake nasema mtu mmoja mmoja hafiki, lazima mjikusanye. Pale Langobaya kuna Malindi Solar ya megawati 52 inayouza stima tangu mwisho wa 2021, wale kwa siku moja wanatoa vyeti ambavyo kinyozi hatavitoa maisha yake yote. Hatushindani nao kwa wingi. Tunachoweza kuwapita ni hadithi: cheti kilichotoka kwa barafu ya wavuvi au kwa kinu cha unga cha kina mama kina mnunuzi wake. Goma kule Kongo, Waswahili wenzetu, mtambo wa sola wa kampuni ya Nuru wa megawati 1.3 uliuza vyeti vya aina hii vinavyoitwa P-REC, Microsoft wakanunua, na pesa ikawasha taa za barabarani mtaa wa Ndosho. Mtaa mzima ukapata mwanga usiku kwa sababu mtu alikaa akahesabu yuniti.

Haya, tuanze na mita, na hapa ntakaa sana sababu hapa ndipo watu wengi wanaanguka, na mimi nilianguka.

Mwaka wa pili wa sola yangu inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia dukani, ilikufa. Ilikuwa ndani ya waranti, fundi akaja akaitoa akaweka mpya, nikashukuru barafu haikuyeyuka. Ile ya zamani akaondoka nayo kwa pikipiki. Mpya ikaanza kuhesabu kutoka sifuri, na ile ya zamani ilikuwa na yuniti 9,000 na ushee ndani yake ambazo sikuwa nimezipiga picha wala kuziandika popote. Nikafuatilia nikaambiwa ishafunguliwa kwa spea. Vyeti 9 vikaenda hivo, siwezi kumthibitishia mtu yeyote kwamba ule umeme uliwahi kutoka. Tangu siku hio nina mita yangu mwenyewe pembeni ya inveta, hata inveta ikibadilishwa mara kumi mita inaendelea kuhesabu.

Mita iwekwe wapi? Hili muulize fundi na umsimamie akikujibu. Inveta nyingi za siku hizi ni za mchanganyiko, zinapokea jua, betri na stima ya KPLC, yaani kampuni ya umeme ya Kenya, kwa pamoja. Ukisoma namba ya umeme unaotoka kwenda dukani unasoma pia stima ya KPLC iliyopita humo usiku. Ukiipeleka hio kama umeme wa jua umedanganya, hata kama hukukusudia. Namba unayotaka ni ya umeme uliotoka kwa paneli peke yake. Kwenye skrini ya inveta huwa imeandikwa PV, bonyeza mpaka uone jumla ya maisha yake yote, sio ya leo. Kwa mita ya pembeni, ikae mahali umeme wa paneli unapita kabla haujachanganyika na kitu chengine. Na jenereta, jameni, jenereta isipite kabisa kwa mita hio. Nimeona duka moja waya wa jenereta umeunganishwa nyuma ya mita, kila stima ikipotea mita inahesabu dizeli.

Nunua mita yenye namba ya kiwandani (serial) iliyochongwa sio ya stika, stika zinabanduka kwa joto la hapa. Kiboksi kiwe cha plastiki kinachofunga kwa mpira, bati linakufa kwa chumvi ndani ya miezi. Kama inveta yako inatuma data kwa intaneti ni vizuri zaidi, ila usiitegemee peke yake, ukibadilisha ruta au pasiwadi ya wifi inanyamaza na hutajua mpaka miezi ipite. Daftari na picha vinakaa.

Na usipambe namba. Huku kwetu mwezi wa tano masika ikikaza namba zinashuka, wakati wa kaskazi zinapanda, kusi likiwa na mawingu zinayumba. Mtu anayekagua anajua hivo. Daftari linaloonyesha yuniti 1,200 kila mwezi bila kupanda wala kushuka linaonekana limeandikwa siku moja na kalamu moja.

Pamoja na namba weka faili la karatasi: risiti za paneli na inveta, picha za paneli zikiwa juu ya paa, picha ya kibati cha nyuma cha paneli chenye wati zake, mchoro wa waya kwa ukurasa mmoja (fundi achore, unaonyesha paneli, inveta, betri, mita na KPLC ziko wapi), tarehe mtambo ulipoanza kazi, na eneo lenyewe kwa namba za GPS kutoka kwa simu. Na nakala ya leseni ya fundi. Sheria inataka anayefunga sola awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia nishati, kanuni za sola za 2012 zimeweka madaraja T1 mpaka T3 kulingana na ukubwa wa kazi, basi mwombe akuonyeshe. Asiye nayo atakufungia rahisi lakini siku ya usajili utakwama.

Alafu angalia kama sifa ni yako. Kama ulinunua sola kwa pesa yako, imekwisha, ni yako. Kama umewekewa na kampuni unalipa kidogo kidogo, au paneli ni zao na wewe unanunua stima tu, soma mkataba ile sehemu ya vyeti, kaboni au faida za mazingira. Mara nyingi kuna mstari mmoja mdogo umewapa wao kila kitu. Kama haujasaini bado, omba ufutwe. Na kama umejiunga na ule mpango wa kurudisha umeme KPLC chini ya kanuni za 2024, ambapo yuniti ukipeleka wanakurudishia nusu yake, weka hesabu mbili, ulizotumia mwenyewe na ulizopeleka nje, na usome makubaliano yanasemaje kuhusu sifa ya zile ulizopeleka.

Kuna jambo watu hawaambiwi na mimi linaniuma sana. Ukishauza cheti huwezi tena kusema unatumia umeme wa jua. Umeiuza ile sifa. Shoga yangu ana gesti Shela, mlangoni ana kibao kizuri cha mbao alichochongewa, kinasema hapa tunatumia jua. Nilipomweleza habari ya vyeti alifurahi, alafu nikamwonyesha kile kibao. Tukakaa kimya kidogo. Wageni wake wengi wanakuja kwa sababu ya kibao kile. Tukapiga hesabu pale pale kwa karatasi ya chapati, vyeti vyake havifiki 10 kwa mwaka, akaamua hauzi, na nikamwambia umeamua sawa. Marekani wameliandika kabisa kwenye miongozo yao ya matangazo: anayezalisha umeme wa jua na kuuza vyeti vyote akidai anatumia nishati jadidifu anawapotosha wateja. Kwa hivo mwenye hoteli afikirie mara mbili. Mimi nauza barafu, mvuvi haulizi imegandishwa na nini, basi kwangu kuuza ni sawa.

Ukishaamua unauza, tafuta wenzako. Kumi na tano, ishirini, wenye mita zao na madaftari yao. Andikisheni kampuni au chama cha ushirika, jina moja, pini moja ya KRA (mamlaka ya kodi), akaunti moja ya benki, na makubaliano ya maandishi kwamba kila mmoja anagawiwa kulingana na yuniti zake. Yuniti, sio undugu. Chagueni mtu mmoja wa kusoma mita zote kila robo mwaka, na asiwe na sola yeye mwenyewe.

Usajili wa vyeti Kenya unapita kwa mfumo wa I-REC, ndio unaotambulika kimataifa. Unavyofanya kazi ni hivi: kuna msajili, yaani anayefungua akaunti na kuuingiza mtambo kwenye rejista, kuna mtoa vyeti anayekagua zile karatasi na namba, na kuna rejista yenyewe ya kompyuta inayoendeshwa na kampuni ya Evident ambapo kila cheti kina namba yake. Kundi lenu linaweza kuwa msajili lenyewe au kupitia kwa msajili aliyepo anayekusanya wadogo, na kwa kuanza nawashauri mpitie kwa aliyepo, ada mnagawana na makosa ya kwanza anayabeba anayejua kazi. Muulizeni mambo matatu kabla ya kusaini: anakata asilimia ngapi, vyeti vinaingia kwa jina la nani, na mkitaka kutoka mnatokaje. Pia mtasaini tamko kwamba umeme huo huo hamjauuza sifa yake kwa mpango mwengine wowote. Litieni maanani, kuuza mara mbili ni wizi na ukigunduliwa kundi zima linatoka. Vyeti vina mwaka wake kama maziwa yalivyo na tarehe, mnunuzi wa ripoti ya mwaka huu anataka umeme wa mwaka huu, basi ombeni vitolewe mapema msivikalie.

Sasa serikalini. Hapa pia ntakaa.

Afisa wa manunuzi wa kaunti hata akikupenda vipi hawezi kununua kitu ambacho hakiko kwenye bajeti na kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Watu wanapeleka barua mwezi wa tatu wakitaka walipwe mwezi wa nne, haiwi. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 mwezi wa saba. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 mwezi wa tisa, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya 28 mwezi wa pili, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 mwezi wa nne. Kati ya hizo tarehe kuna vikao vya wananchi, ukumbini, wanatangaza. Hapo ndipo mahali pa kusema, na ukasema kwa maandishi pia. Sheria ya nishati ya 2019 imeitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati, basi ulizia ule wa Kilifi au wa Lamu uko wapi na uombe mstari uingie: taasisi za kaunti zinunue vyeti kutoka kwa wazalishaji wadogo wa hapa hapa. Msidharau vikao. Watu wa Lamu walikaa vikao na makaratasi miaka kuhusu ule mtambo wa makaa ya mawe, na mwezi wa sita 2019 jopo la kitaifa la mazingira likafuta leseni yake, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Anzeni na taasisi moja ndogo, msiende na kaunti nzima. Hospitali ndogo, chuo cha ufundi, soko la samaki lenye bili ya stima inayojulikana. Barua iwe fupi, kitu kama hiki:

"Sisi ni wafanyabiashara 18 wa Malindi wenye umeme wa jua uliopimwa kwa mita. Taasisi yako inatumia yuniti takriban 60,000 kwa mwaka. Tunaomba katika mpango wa manunuzi wa mwaka ujao muweke ununuzi wa vyeti 60 vya nishati jadidifu, vilivyosajiliwa kwa I-REC, vilivyozalishwa ndani ya kaunti hii, na nafasi hio itengwe kwa biashara ndogo za wakazi. Tumeambatisha orodha ya mita, namba za mita za miezi 12 na mfano wa cheti."

Hizo namba 18 na 60,000 ni za mfano, weka zako. Lakini angalia, barua imetaja yuniti zao na vyeti vinavyolingana. Afisa akiona namba inayotoka kwa bili yake mwenyewe anaelewa haraka.

Wakati barua inatembea, jitayarisheni kuwa watu wanaoweza kuuzia serikali. AGPO, ule mpango wa serikali wa kutengea makundi tenda, ndio mlango mkubwa, asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti chake ni bure, ukiambiwa ulipe umeibiwa. Umiliki wa hao watu uwe angalau asilimia 70 na uongozi wote uwe wao. Kundi letu kina mama ndio wengi, tukawaweka wanawake watupu kwa uongozi, wanaume wakabaki wanachama na hawakuona vibaya. Zaidi ya hapo sheria ya manunuzi ya 2015 inataka angalau asilimia 20 ya manunuzi ya kaunti yatengewe wakazi wa kaunti hio. Itaje kwa barua. Karatasi nyengine ni za kawaida: cheti cha kampuni na CR12 (karatasi inayoonyesha wenye kampuni), cheti cha kulipa kodi kutoka KRA kiwe hai, kibali cha biashara cha kaunti, na eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutoa invoisi. Jisajilini pia kwa mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni mapema, msingoje tenda itangazwe, saiba zinajaa siku ya mwisho na mtandao unazubaa.

Tenda ikitoka chini ya AGPO hamwekewi dhamana ya benki, mnajaza fomu ya tamko tu na kusaini. Kuna kundi nalijua lilikopa pesa kwa ajili ya dhamana ambayo halikutakiwa kuitoa. Someni pia maneno yenyewe ya tenda: vyeti vya mwaka gani, vya jua tu au jadidifu yoyote, vya Kenya au vya kaunti. Kama imeandikwa jadidifu yoyote ya Kenya mtapigwa bei na mitambo mikubwa ya mabwawa na ya mvuke, hapo andikeni swali la ufafanuzi kabla ya siku ya kufunga, mkiomba iandikwe wazalishaji wadogo. Mkiona mmetupwa kwa dhulma mna siku 14 tu za kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa ya manunuzi, siku ya 15 hawawasikilizi.

Bei, hesabuni ada za rejista, mkato wa msajili, nauli ya msoma mita, kodi, alafu faida. Msiweke bei ya aibu. Mnunuzi anayetaka cheti rahisi kabisa atakipata kwa mtambo mkubwa, anayewataka nyinyi anataka kujua ni duka la nani, basi mpeni: ukurasa mmoja, picha ya mita, picha ya mwenye duka akikubali, na yuniti zake.

Mwisho ni kukabidhi, na hapa kuwa makini kuliko kwingine kote. Cheti kikifungwa kwa jina la mnunuzi hakirudi. Sio kama gunia la mchele ambalo usipolipwa unaenda kulibeba. Basi msifunge cheti hata kimoja kwa maneno ya simu. Mnangoja LSO, yaani oda ya maandishi ya taasisi, iliyosainiwa, yenye namba, yenye idadi ya vyeti na mwaka wake. Ikishafika mnavifunga, mfumo unatoa karatasi yenye jina la taasisi, idadi na mitambo iliyotoa, mnaichapisha. Mnaipeleka na kamati ya ukaguzi na upokeaji ya taasisi inasaini kwamba wamepokea, nakala moja inabaki kwenu. Siku hio hio toeni invoisi ya eTIMS na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu wenye tarehe. Kama kiasi ni kikubwa, pelekeni kwa mafungu, vyeti 20 mkilipwa vyengine 20, na ombeni hivo tangu mkataba unaandikwa, sababu kaunti nyingi zina madeni ya wauzaji wa miaka ya nyuma na sisi wenye mitaji ya barafu hatuwezi kukaa miezi minane tukingoja. Mkibanwa kabisa, ile mifuko ya serikali ya wanawake na ya vijana ina mikopo ya kutumia LSO kama dhamana, ulizieni ofisi zao kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani.

Mwenye sola ambaye hajaanza, leo jioni panda juu na simu yako, piga picha ya mita na ya kibati cha inveta namba zisomeke vizuri, ujitumie mwenyewe ili tarehe ibaki. Na kama fundi anakuja kesho kubadilisha inveta, mzuie mlangoni mpaka umepiga picha ya ile ya zamani ikiwa bado inawaka.